Akina Mama Walioishtaki Serikali kwa Mungu

Kuna maneno ambayo mtu huyasema akiwa amekwisha kugonga kila mlango: "Nakushtaki kwa Mungu." Hayahitaji kelele. Husemwa polepole, mtu akiokota sufuria zake zilizotupwa nje ya nyumba, au akitoka kituoni alikoambiwa arudi kesho kwa mara ya kumi. Anayeambiwa, hata awe na cheo na bunduki, mara nyingi hupandwa na hasira. Amesikia kwamba kesi imefunguliwa mahali ambapo hana mjomba, na hakimu wa huko hahongeki.

Kushtaki ni neno la kortini. Mshtaki ana madai, ana anayemdai, na anangoja siku ya kusikizwa. Lakini kando ya neno hilo tumeweka jingine linalofanana nalo sana, "namwachia Mungu," nalo kwa miaka mingi nimelisikia likitumiwa kufunga watu midomo. Mjane amenyang'anywa shamba na shemeji zake: mama, mwachie Mungu. Kijana amerudi kutoka rumande jicho moja halioni: mwachie Mungu, mwanangu, usijitafutie makubwa. Anayeshauri hivyo huenda ana huruma ya kweli. Ila ushauri wake humfaa zaidi mwenye rungu.

Wapo wanawake wa nchi hii walioonyesha kwa miili yao kwamba maneno hayo mawili hayana maana moja. Habari yao inastahili kusimuliwa tena, hasa kwa vijana waliozaliwa baadaye, ambao wamelikuta jina la Freedom Corner likiwa tayari limezoeleka kama jina la kituo cha matatu.

Kenya ya miaka ya themanini ilikuwa nchi ya kunong'ona. Mwaka 1982 Katiba ilibadilishwa, kikaingizwa kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kilichoruhusiwa kisheria. Mwaka 1988 tulipiga kura kwa mlolongo: wapiga kura walijipanga nyuma ya mgombea au picha yake wakahesabiwa mchana kweupe, na bado, katika sehemu kadhaa, aliyekuwa na mstari mfupi alitangazwa mshindi. Kati ya hiyo miaka miwili ukaja msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali. Waliokamatwa, wengi wao wahadhiri, wanafunzi, wanahabari na wakulima wa kawaida, walifungwa vitambaa machoni wakapelekwa Nyayo House, jengo la ghorofa 27 katikati ya jiji la Nairobi. Wananchi walipanda na kushuka humo na karatasi zao za serikali, bila kujua kwamba chini ya miguu yao kulikuwa na seli ambamo watu waliwekwa uchi, sakafu ikajazwa maji, wakaachwa humo kwa siku nyingi hadi ngozi ya nyayo ikaanza kubanduka. Wengi walikuja kutokea mahakamani jioni, korti ikiwa karibu tupu, hawana wakili, wakakiri na kufungwa katika muda wa dakika chache.

Hao walikuwa na mama zao.

Ijumaa, Februari 28, 1992, kundi dogo la wanawake, wengi wao wazee kutoka vijijini, lilikwenda ofisini kwa Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Amos Wako. Pamoja nao alikuwa Profesa Wangari Maathai. Mmoja wao alikuwa Monica Wangu Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere, aliyewahi kuwa mbunge wa Nakuru Kaskazini na ambaye wakati huo alikuwa jela akikabiliwa na shtaka la uhaini. Adhabu ya uhaini ni kunyongwa. Akina mama hawa walisema jambo ambalo mtu yeyote angeweza kulielewa: kifungu cha 2A kilikuwa kimefutwa Desemba iliyopita, vyama vingi vimeruhusiwa, basi kwa nini wale waliofungwa kwa kuvitaka vyama hivyo bado wako ndani? Walitaka wana wao waachiliwe. Na wakati Mwanasheria Mkuu akilitafakari jambo hilo, walimwambia, wao watangojea pale Uhuru Park.

Wakaenda wakaketi. Walitandika blanketi zao kwenye nyasi, wakaimba nyimbo za kanisani, wakaomba, wakafunga chakula. Bustani hiyohiyo Maathai alikuwa ameipigania mwaka 1989, chama tawala kilipotaka kujenga ndani yake jumba la ghorofa 60. Jambo ambalo halikupangwa na mtu likaanza kutokea. Wapita njia walisimama. Mmoja akaketi, akaanza kusimulia alivyoteswa, mwingine akafuata. Watu waliokuwa wamekaa miaka kadhaa bila kumwambia hata mke kilichowapata chini ya Nyayo House walisimama mbele ya umati wakasema. Kwa siku nne kona ile ya bustani, iliyokuja kuitwa Freedom Corner, ilikuwa korti. Kila niisomapo sehemu hii ya habari huwa nasimama kwanza, kwa sababu naona ndiyo kiini chake: wale wazee hawakuja na wakili wala silaha, walikuja kuomba Mungu hadharani, na maombi yao yakawafungulia wengine vinywa.

Jumanne, Machi 3, polisi walifika. Vitoa machozi vilirushwa ndani ya hema, rungu zikafuata. Wangari Maathai alipigwa akazimia, akapelekwa hospitalini. Ndipo baadhi ya wale mama wazee wakafanya jambo ambalo picha zake hadi leo ni vigumu kuzitazama. Walivua nguo.

Msomaji wa mbali anaweza kudhani walipagawa. La. Katika jamii nyingi za Kenya, mama wa umri ule akijivua mbele ya mtu anayeweza kuwa mwanawe, hajajidhalilisha yeye; amemwonyesha kijana yule tumbo lililomzaa na maziwa yaliyomnyonyesha, na kumkabidhi kwa Mungu awe hakimu wake. Hakuna laana nzito kuliko hiyo. Askari kadhaa waligeuza nyuso zao. Walijua vizuri sana wameshtakiwa wapi.

Usiku ule akina mama walikamatwa, wakarudishwa makwao kwa nguvu. Asubuhi waliokuwa na nauli walikuwa wanapanda matatu kurudi Nairobi. Walipoikuta bustani imezingirwa na polisi, waliingia katika Kanisa Kuu la All Saints lililo jirani, na wakuu wa kanisa hilo la Kianglikana wakawapokea. Jumatano ya Majivu mwaka ule iliangukia Machi 4, siku moja baada ya kipigo. Kwaresima ilianza wakiwa na alama za rungu mgongoni, na wiki ileile mwezi wa Ramadhani nao ukaandama. Nchi nzima, wa msikiti na wa kanisa, ilikuwa katika mfungo.

Walidhani watakaa siku chache. Walikaa karibu mwaka mzima.

Mwaka mzima katika chumba cha chini ya kanisa, msomaji, si jambo dogo kwa mwanamke wa miaka sitini au sabini aliyeacha ng'ombe na kuku kijijini. Ni kulala sakafuni katika baridi ya Julai ya Nairobi. Ni kusikia miguu ya polisi nje ya mlango na kutojua kama usiku huu ndio wataingia. Pasaka ilipita, Krismasi ikapita, na Desemba 29 uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya sitini ukafanyika, akatangazwa mshindi Moi, rais yuleyule aliyewafunga wana wao. Mtu wa kawaida angekunja blanketi lake hapo. Hawa hawakukunja. Mwanzoni mwa mwaka 1993 milango ya jela ilifunguliwa na karibu wafungwa wote waliokuwa wakiwadai waliachiliwa, Koigi akiwa mmoja wao.

Katika Injili ya Luka kuna mfano wa mjane na kadhi dhalimu. Yule kadhi hakumcha Mungu wala hakuwajali watu, na mjane alimwendea kila siku akidai haki yake, mpaka kadhi akachoka akampa. Tumehubiriwa mfano huu mara nyingi kama somo la kuomba bila kukata tamaa, na ndivyo Injili yenyewe inavyosema. Lakini hebu mtazame vizuri yule mwanamke. Hapa, Yesu alipotaka kuwafundisha watu namna ya kuomba, hakuwaonyesha mtu aliyejifungia chumbani. Aliwaonyesha mtu aliye njiani, viatu vimejaa vumbi, anakwenda kortini tena. Miguu yake ndiyo sala yake.

Nyanya yangu mzaa mama alikuwa mwanamke wa namna hiyo. Ekari zake mbili zilichukuliwa na mtu mwenye cheo, kwa hati ambayo hakuna aliyejua ilitoka wapi. Kila mwezi alifunga kitambaa chake kichwani, akajaza chupa ya chai, akapanda gari la asubuhi hadi mjini. Aliketi kwenye benchi la ofisi ya ardhi mpaka saa ya kufunga. Nilipofika darasa la saba alianza kwenda nami, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamechoka na mimi ndiye niliyemsomea vibao vya milangoni.

"Nyanya, faili yako haionekani," karani mmoja alimwambia.

"Basi nitaingoja, mjukuu wangu," akamjibu. "Huenda imetoka kidogo, itarudi."

Kabla hatujatoka nyumbani alikuwa akiomba akiwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo. Sikumbuki hata siku moja akimwomba Mungu amrudishie shamba. Hilo alilihesabu kuwa Mungu analijua. Alichoomba ni magoti yamfikishe mjini na kumrudisha.

Waislamu nao wana mafundisho ambayo nadhani tunayasikiliza nusu. Kila mtu amesikia kwamba dua ya aliyedhulumiwa haina pazia kati yake na Mwenyezi Mungu. Mnyonge huambiwa maneno hayo ili kumfariji. Lakini Mtume aliposema hayo hakuwa akimfariji mnyonge. Alikuwa akimwagiza Muadh bin Jabal, ambaye alimtuma Yemen kuwafundisha watu dini na kukusanya zaka: asichukue mali zao zilizo bora, na ajihadhari na dua ya atakayemdhulumu. Ni onyo kwa afisa wa serikali, siku anayokabidhiwa kazi. Laiti lingetundikwa ukutani katika kila ofisi ya kaunti na kila kituo cha polisi, juu ya kichwa cha anayeketi kitini na si cha anayesimama mbele yake.

Nasema hivyo nikijua kwamba lugha yetu ina methali inayosema kinyume. Dua la kuku halimpati mwewe. Kuku hulia, mwewe hupaa na kifaranga. Sitaki kuipuuza methali hii, kwa kuwa waliotuachia walikuwa watu waliotazama mambo yalivyo, na mara nyingi mambo ndivyo yalivyo.

Mtazame Alexander Muge. Alikuwa Askofu wa Kianglikana wa Eldoret, na kabla ya kuingia katika utumishi wa kanisa alikuwa askari wa GSU, kwa hiyo hakuogopeshwa kirahisi. Alisema juu ya unyakuzi wa ardhi na juu ya njaa iliyofichwa, akitaja mambo kwa majina yake wakati ambapo hata wabunge walikuwa wakizungumza kwa mafumbo. Agosti 1990 waziri mmoja, Peter Okondo, alimwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia ataona moto na huenda asitoke akiwa hai. Muge alikwenda. Agosti 14 alihubiri Busia, na njiani kurudi nyumbani gari lake liligongana na lori, akafa. Waziri alijiuzulu. Ilitajwa kuwa ajali ya barabarani, na kwa Wakenya wengi maelezo hayo hayakutosha wakati ule wala hayajatosha leo.

Muge hakuwa peke yake katika kusema. David Gitari, aliyekuwa askofu huko Mlima Kenya Mashariki, alikuwa na desturi ya kuhubiri Biblia sura kwa sura. Mwaka 1987 akiwa Nyeri alihubiri kuhusu Danieli na mfalme Dario, jinsi mfalme alivyozungukwa na washauri wenye nia mbaya akaweka sahihi sheria ambayo baadaye yeye mwenyewe hakuweza kuitangua. Hakutaja jina la mtu. Hakukuwa na haja. Wiki iliyofuata nchi nzima ilikuwa ikibishana kuhusu Dario. Aprili 1989 genge la watu lilivamia nyumba yake Kirinyaga usiku. Askofu akapanda juu ya paa akapiga mayowe, majirani wakatoka, wavamizi wakakimbia. Napenda sana tukio hilo la paa. Hakuna atakayesema kwamba Gitari hakumtumaini Mungu kwa kuwa alipiga mayowe.

Si makanisa yote yaliyosimama hivyo. Baadhi yalijitoa katika Baraza la Makanisa, NCCK, kwa sababu lilikuwa likiikosoa serikali, na sura ya 13 ya Warumi, ile ya kutii mamlaka, ilisomwa katika mimbari nyingi kana kwamba Biblia haina sura nyingine. Nadhani waliofanya hivyo hawakuwa waovu wote. Wengi walikuwa na hofu, na hofu ikivaa joho la kanisa huonekana kama unyenyekevu. Lakini muumini aliyekuwa na mtoto Nyayo House alikaa katika kiti chake Jumapili akasikia kwamba serikali imewekwa na Mungu, akarudi nyumbani akijua kuwa hata hapa hana pa kusemea. Kosa hilo ni zito, na sijasikia likiungamwa inavyostahili.

Basi, haki ya Mungu ilimfikia Muge? Hakuna aliyehukumiwa kwa kifo chake. Na kuna swali gumu zaidi. Tuna msemo kwamba malipo ni hapa hapa duniani, akhera ni kwenda kuhesabu. Waliosubiri malipo ya namna hiyo walikuwa macho Februari 4, 2020, Rais mstaafu Daniel arap Moi alipofariki. Alikuwa na umri wa miaka 95. Alizikwa Kabarak kwa heshima zote za kitaifa, bendera nusu mlingoti, mizinga kumi na tisa. Niliandikiwa ujumbe siku ile na mtu ambaye kaka yake alirudi kutoka kizuizini mwaka 1988 na hakuwahi tena kulala taa ikiwa imezimwa. Ujumbe ulikuwa na maneno matatu: "Ndiyo haki hiyo?"

Sikuwa na jibu la kumpa siku hiyo. Lililonijia tangu wakati huo ni habari ya Nabothi, aliyekataa kumuuzia mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Aliletewa mashahidi wa uongo akapigwa mawe akafa, na mfalme akashuka kulitwaa shamba. Mungu hakumfufua Nabothi. Shamba halikurudi kwake. Kilichotokea ni kwamba Eliya alitumwa aende amkute Ahabu palepale shambani, miguu yake ikiwa katikati ya mizabibu, amwambie alichokifanya: umeua, na sasa unarithi. Hukumu ilichukua miaka kumfikia Ahabu. Lakini tangu dakika ile hakuna aliyeweza tena kusema kwamba Nabothi alikuwa mhalifu. Jina lake lilisafishwa kwenye udongo ule ule alioporwa.

Nikilitazama jambo hili kwa macho ya Nabothi, naona kwamba waliokuwa wakitazama kitanda cha Moi walikuwa wakitazama mahali pasipo. Uhuru Park ndiko kulikokuwa na mambo.

Desemba 30, 2002, Moi alimkabidhi Mwai Kibaki madaraka katika bustani hiyo, mbele ya umati mkubwa mno ambao baadhi yake walimzomea na kumtupia matope. Sifurahii matope, mzee yeyote akitupiwa matope jambo limeharibika mahali. Nataja tu mahali palipotokea: miaka kumi baada ya rungu, si mbali na kona ile. Agosti 27, 2010, Katiba mpya ilizinduliwa hapo hapo, nayo inamtaka afisa amfikishe mshukiwa kortini ndani ya saa 24 na inakataza mateso bila kuacha mwanya. Mwaka huo huo Mahakama Kuu iliwapa fidia watu 21 walioteswa na serikali, baada ya kusikiliza ushahidi wao kuhusu Nyayo House. Serikali ya Kenya ilisomewa hukumu na jaji wa Kenya. Baadhi ya wenzao walikuwa wamekwisha kufa wakingoja.

Na Oktoba 2011 nchi ilimuaga Wangari Maathai. Mwaka 2004 alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Mazishi yake yalikuwa ya kitaifa, na ibada ilifanyika Freedom Corner. Jeneza lake lilisukwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, kwa kuwa alikuwa ameagiza mti usikatwe kwa ajili yake. Mahali alipopigwa hadi kuzimia ndipo taifa lilipomuaga kwa heshima.

Sitaki kuifanya habari hii iwe tamu kuliko ilivyokuwa. Koigi alikamatwa tena kabla mwaka 1993 haujaisha, na mwaka 1995 akafungwa katika kesi ambayo watetezi wa haki duniani kote waliilalamikia, mama yake akaanza upya. Kanisa lile lililowahifadhi akina mama lilivamiwa na polisi Julai 7, 1997, siku ya Saba Saba. Watu walipigwa ndani ya patakatifu, Mchungaji Timothy Njoya akiwa miongoni mwao, na damu ikamwagika sakafuni. Kuna wana waliotoka jela wakiwa na afya iliyovunjika, wakazikwa na mama zao waliokaa mwaka mzima wakiwangoja. Na miaka ya karibuni, vijana wanapotoweka kwa sababu ya walichoandika katika simu zao, mama wengine wamesimama nje ya vituo na vyumba vya maiti wakiwa na picha mkononi. Wanaimba nyimbo zilezile.

Ndiyo maana nakataa mtu akiniambia kwamba kuitumainia haki ya Mungu ni dawa ya usingizi. Inaweza kutumiwa hivyo, na imetumiwa hivyo, tena kanisani na msikitini. Lakini mama wa All Saints hawakulala. Kilichowakesha ni imani ileile ambayo wengine waliitumia kusinzia. Kama kungekuwa hakuna hakimu zaidi ya Mwanasheria Mkuu, basi Ijumaa ile aliposema atalitafakari jambo lao wangekuwa wamefika mwisho, wangerudi nyumbani. Walikuwa na korti ya juu zaidi. Mtu mwenye rufaa hakai kitako.

Na kuna jambo jingine ambalo imani hiyo iliwapa, nalo halisemwi sana. Iliwaondolea kazi ya kulipiza. Sijasikia askari aliyechomewa nyumba kwa ajili ya Machi 3. Aliyekwisha kupeleka shtaka lake mahali anapoamini litasikizwa halazimiki kuwa yeye mshtaki, yeye hakimu, na yeye mnyongaji. Anabaki na kazi moja, kutoiacha kesi.

Nyanya yangu alifariki miaka mingi kabla faili yake haijaonekana. Ilionekana, kama alivyosema; siku moja karani kijana aliyehamishiwa ofisi ile aliikuta kwenye rafu isiyo yake, imefungwa kamba pamoja na za kata nyingine. Ndani yake kulikuwa na barua kumi na nne, zote zikiwa na alama ya dole gumba lake. Mama yangu ndiye mlalamishi sasa, na kesi imehamia mahakamani. Mdaiwa naye amekufa. Wanawe ndio wanaokuja, nasi tunaamkiana nao vizuri kwenye kibaraza, maana si wao waliochukua.

Itatajwa tena Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi. Mama amekwisha kufua kitambaa chake.